Binti yetu atazaliwa Glasgow: jina gani la Kigaeli litakubalika Lewis na kutamkika Tanga?

#1 Mwana_wa_Tanga

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni mtu wa Tanga niishiye Glasgow, na mke wangu ni mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, pale magharibi mwa Uskoti ambako wazee wangali wanazungumza Kigaeli majumbani. Mungu akitujalia, tutapata mtoto wa kike baada ya wiki chache. Tumekwisha kukubaliana kwamba jina la ukoo litakuwa la upande wangu na jina lake la kwanza litatoka upande wa mama yake, na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu majina ya Kigaeli huandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa namna nyingine kabisa. Mke wangu anayapenda Eilidh, Mhairi, Catrìona na Beathag. Mama yangu, Bi Mwanaisha, yuko Tanga, naye ndiye atakayekuwa akimwita mjukuu wake kwenye simu kila Ijumaa. Natafuta jina ambalo mama yangu atalitamka bila kulivunja, na ambalo wakwe zangu hawataliona kuwa ni pambo lililookotwa kwenye orodha ya mtandaoni. Sheria ya Uskoti inatutaka tumsajili mtoto ndani ya siku 21, hivyo naomba michango yenye uzito.

#2 Dada_wa_Edinburgh

Hongera sana, kaka. Majina hayo nayasikia kazini kila siku, kwa hiyo nianze na matamshi, maana asiyeyajua huyaogopa bure. Eilidh hutamkwa Eili, na hizo herufi mbili za mwisho hazisikiki. Mhairi hutamkwa Vari. Catrìona ni Katrina, mkazo ukiwa katikati. Beathag husikika karibu na Behak. Ukiyapima kwa sikio, Eilidh ndilo jepesi kuliko yote, tena lina maana nzuri, kwani maana yake ni jua. Mama wa Tanga ataita "Eili, njoo", wala hatahitaji kufundishwa na mtu.

#3 Msomi_wa_Lugha

Ahsante kwa matamshi, dada, lakini hilo la jua si sahihi. Jua kwa Kigaeli ni *grian*, na Eilidh halina uhusiano nalo. Wengi hulihesabu kuwa sura ya Kigaeli ya Helen, na kwa kuwa wapo waliolihusisha jina Helen na neno la Kigiriki la jua, *helios*, maana hiyo ikahamishiwa kwenye jina la Kigaeli na kunakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Wajuzi wa Kigiriki nao hawajaafikiana, kwani wengine wanalihusisha Helen na mwenge na wengine na mwezi. Jina ni zuri na ninaliunga mkono, ila msimwambie mtoto kwamba anaitwa Jua, kwa sababu siku moja atakaa darasani na mwalimu wa Kigaeli atamsahihisha mbele ya wenzake.

#4 Njeri_wa_Thogoto

Nimezaliwa Thogoto, nje kidogo ya Nairobi, mahali ambapo jina lake ni neno Scot kama lilivyotamkwa na Wakikuyu, kwa sababu misheni ya Kanisa la Uskoti ilihamia hapo kutoka Kibwezi mwaka 1898. Naona mnajadili matamshi kabla ya kujadili haki. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake, na anayeruka mpangilio huo ana maelezo ya kutoa mbele ya ukoo. Waskoti wa zamani walikuwa na mpangilio unaokaribiana sana na huo, isipokuwa kwa wasichana wao waliugeuza: binti wa kwanza alichukua jina la mama wa mama, wa pili jina la mama wa baba, wa tatu jina la mama mwenyewe. Kaka, mama mkwe wako anaitwa nani? Ukiliruka swali hilo, huenda ukawanyima watu wa Lewis kitu wanachokithamini kuliko tahajia yoyote.

#5 Mwana_wa_Tanga

Dada Njeri, umegusa penyewe. Mama mkwe wangu anaitwa Murdina, jina alilopewa kutokana na Murdo, ambalo ni jina la baba yake. Mke wangu anampenda mama yake kupita kiasi, lakini hataki binti yetu aitwe Murdina, na mama mkwe mwenyewe ametamka kwamba jina hilo liishie kwake. Upande wa pili, mama yangu hajasema neno, ila dada zangu wameniambia kwamba anasubiri kusikia kama jina la Mwanaisha litatajwa popote. Kwa mpangilio wa Kikuyu mwenye haki ni mama yangu, kwa mpangilio wa Kiskoti mwenye haki ni Murdina, na sisi kwa sasa hatufuati hata mmoja.

#6 Mzee_wa_Pangani

Vijana, msilidharau Murdina. Enzi za ubaharia wangu nilisafiri na fundi wa injini kutoka Stornoway, mji mkubwa wa Lewis, ambaye dada zake waliitwa Donaldina na Hughina. Alinieleza kwamba kwao jina la babu au mjomba halipotei kwa sababu tu aliyezaliwa ni msichana. Wanaongeza -ina mwishoni na jina linaendelea kuishi. Kuna Jamesina, Angusina, Dolina, na kuna Williamina. Mwanamke mmoja wa Dundee, Williamina Fleming, alihamia Marekani, akafanya kazi katika kituo cha kutazama nyota cha Harvard, na mwaka 1888 akaligundua kwenye picha lile wingu la angani lenye umbo la kichwa cha farasi. Jina kama hilo halimzuii mtoto kufika popote. Mwana wa Tanga, kama wewe ni Juma, kwa utaratibu wa Lewis binti yako angeitwa Jumaina, na naapa watu wa Chumbageni wangelipokea kwa vigelegele.

#7 Mzanzibari_wa_Maskati

Assalaam alaykum. Mzee wa Pangani amenifurahisha, ila mimi nina pendekezo jepesi zaidi: Isla. Herufi ya s haitamkwi, kwa hiyo husikika Aila, na kwetu Waswahili aila ni watu wa nyumba moja, jamaa na familia. Bibi yake atakapoliita jina hilo atakuwa anataja kitu anachokijua tangu utotoni, na Waskoti nao watasikia jina lao. Niongeze kwamba mwigizaji Isla Fisher, ambaye wazazi wake ni Waskoti, alizaliwa hapa Maskati mwaka 1976, na Wazanzibari wa hapa tunalisimulia hilo kwa furaha kila jina lake linapotajwa. Isla limekwisha kuvuka bahari yetu kabla ya mtoto huyu.

#8 Dada_wa_Edinburgh

Isla ni jina tamu, Mzanzibari, na hoja yako ya aila imenigusa kweli. Tatizo lake ni wingi. Mwaka 2020 ndilo lililoshika nafasi ya kwanza katika majina ya wasichana waliosajiliwa Uskoti, na bado linapendwa mno. Wodini nikiita Isla wanageuka watoto zaidi ya mmoja. Isitoshe, asili yake inabishaniwa na Waskoti wenyewe. Wengine wanasema limetoka kisiwa cha Islay, ambacho kwa Kigaeli ni Ìle, na wengine wanalifunga na mto Isla, ule unaotiririka Angus na Perthshire. Wazee wa Lewis wataliona kuwa ni jina la ramani, kama Skye au Ailsa, wala si jina ambalo bibi zao walilibeba.

#9 Kaka_wa_Kampala

Wapendwa, mbona mnahangaika wakati Afrika Mashariki tayari ina majina ya Kiskoti ya kutosha? Darasani kwetu tulikuwa na akina Fiona wawili, Sheila mmoja na Lorna mmoja, wala hakuna mwalimu aliyeng'ata ulimi. Kenya wana mwanariadha Lornah Kiplagat, ambaye baadaye alishindana kwa niaba ya Uholanzi. Mwana wa Tanga, chukua Fiona, jambo liishe. Kama unataka la kipekee, kuna jina la Kiskoti linaitwa Senga. Huku Buganda *ssenga* ni shangazi, dada wa baba, yule anayemfunda binti kabla ya kuolewa. Nilipokutana na jina hilo kwenye kaburi la mama mmoja mjini Glasgow nilisimama nikalisoma tena na tena, nikajiuliza ni Mganda gani aliyetangulia kufika huko.

#10 Msomi_wa_Lugha

Kaka wa Kampala, kuhusu Senga kuna maelezo mawili, na kila moja lina watetezi wake. La kwanza linasema ni Agnes likisomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na ukijaribu utaona herufi zinalingana. La pili linalifunga na neno la Kigaeli *seang*, lenye maana ya mwembamba. Ssenga wa Buganda hahusiki, ingawa naelewa ulivyoshtuka.

Hayo matatu mengine yanahitaji uangalifu. Sheila lina mizizi ya kweli, kwani limetokana na Sìle, ambalo ni Cecilia lililotoholewa na Wagaeli karne nyingi zilizopita. Lorna halitoki kwa bibi yeyote. Lilibuniwa na mwandishi Mwingereza kwa ajili ya riwaya ya mwaka 1869, akiazima jina la wilaya ya Lorn huko Argyll. Fiona nalo ni la vitabuni. Asili yake huhusishwa na tungo za James Macpherson za karne ya 18, na lilipata umaarufu miaka ya 1890, pale William Sharp, mwanamume wa Paisley, alipochapisha kazi zake kwa jina la Fiona Macleod na kuificha siri hiyo hadi alipofariki mwaka 1905. Ukimpelekea mama mkwe wa Lewis jina Fiona ukidhani unamrudishia urithi wa mababu, yeye atalisikia kama jina la watu wa mjini.

#11 Flora_wa_Moshi

Naomba nipinge kidogo. Neno *fionn*, lenye maana ya weupe na uangavu, ni la Kigaeli halisi, na Fiona limejengwa juu yake. Je, jina likitungwa na mwandishi kutokana na neno halali la lugha, halistahili kuhesabiwa kuwa la lugha hiyo? Majina yetu kama Tumaini na Neema nayo kuna siku yalianza kutumika kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja jina langu. Kilimanjaro nzima imejaa akina Flora, na wengi wetu tunadhani ni jina la Kizungu lisilo na kwao. Waskoti wanamkumbuka Flora MacDonald, msichana wa kisiwa cha South Uist, ambaye mwaka 1746, baada ya jeshi la Mwanamfalme Charles Edward Stuart kushindwa pale Culloden, alimvusha mwanamfalme huyo kwa mashua hadi kisiwa cha Skye akiwa amevalishwa nguo za mjakazi na kuitwa Betty Burke. Alikamatwa, akapelekwa London, akaachiwa mwaka uliofuata. Kwa Kigaeli aliitwa Fionnghal, na Flora ni jina ambalo Wagaeli walilitumia mahali pake walipoandika Kiingereza. Bibi wa Tanga hatapata taabu yoyote na Flora, na watu wa visiwani watajua ametajwa nani.

#12 Kiongozi_wa_Kwaya

Mimi ni mwanakwaya wa Iringa na ninapendekeza Iona. Ni kisiwa kidogo kando ya kisiwa cha Mull, ambako Mtakatifu Columba alitua mwaka 563 akitokea Ayalandi na kujenga monasteri iliyoeneza Ukristo kaskazini mwa Uskoti. Lina sauti nzuri, ni fupi, na mtoto atakuwa na mahali pa kwenda kuzuru palipobeba jina lake.

#13 Mzanzibari_wa_Maskati

Ndugu wa kwaya, ninaiheshimu historia hiyo, lakini fikiria masikio ya Tanga. Bibi akilisoma Iona atasema Yona, na Yona ni mwanamume, ndiye Nabii Yunus aliyemezwa na nyangumi. Kila mgeni atauliza kwa nini msichana amepewa jina la nabii. Kwa Kiingereza hutamkwa Ayona, na huyo bibi hana namna ya kulijua hilo kutokana na maandishi.

#14 Msomi_wa_Lugha

Mzanzibari, umekaribia jambo ambalo watawa wa kisiwa hicho walilitafakari kabla yako. Adomnán, aliyekuwa abati wa Iona hadi alipofariki mwaka 704, aliandika kwamba jina la Columba lina maana ya njiwa kwa Kilatini, na kwamba Yona nalo ni njiwa kwa Kiebrania. Kisiwa chenyewe alikiandika Ioua. Wanakili wa baadaye waliisoma u kuwa n, na ndipo Iona ikazaliwa. Kwa Kigaeli watu hukiita Ì, au Ì Chaluim Chille. Hivyo mwenye kudai kwamba Iona ni jina la kale la Kigaeli ana kazi ya kulithibitisha, ingawa kosa lililodumu karne nyingi namna hiyo nalo limejipatia haki zake.

#15 Mgeni_wa_Dublin

Habari zenu. Siobhán, Niamh na Aoife mbona hamjayataja? Haya ndiyo majina mazuri ya Kigaeli.

#16 Dada_wa_Edinburgh

Karibu, mgeni. Hayo ni mazuri, ila ni ya Ayalandi, na mwenye uzi ameoa Lewis. Lugha hizi mbili ni ndugu, zimetoka tumbo moja, lakini kila moja imejenga nyumba yake. Alama za juu ya irabu zitakusaidia kuzitofautisha, kwani Waayalandi huandika Síle kwa mkwaju ulioinamia kulia na Waskoti huandika Sìle kwa mkwaju ulioinamia kushoto. Mama mkwe akiona mkwaju wa Ayalandi kwenye cheti cha mjukuu wake atahisi kwamba hakusikilizwa.

#17 Mwalimu_Mstaafu

Nimeusoma uzi wote kwa makini na ninataka kurudi kwenye orodha ya mke, kwa kuwa yeye ndiye mwenye lugha. Nina shaka na Mhairi. Jina la Kigaeli ni Màiri, yaani Mariamu. Mtu anapoitwa, Kigaeli hubadilisha sauti ya mwanzo, na Màiri huwa *a Mhàiri*, linalotamkwa a Vari. Wasiojua lugha waliisikia sauti hiyo ya kuitia wakadhani ndiyo jina lenyewe, wakaliandika Mhairi. Hamish nalo lilizaliwa hivyohivyo, kwani mwenye jina ni Seumas, na anapoitwa huwa *a Sheumais*. Ninashauri mtoto aandikwe Màiri. Bibi atalitamka kama lilivyo, na nyumbani Lewis, kila atakapoitwa, Vari itajitokeza yenyewe bila kuandikwa popote. Wagaeli pia wana adabu moja ambayo Waislamu na Wakristo wote tunaweza kuiheshimu: Bikira Maria wanamwita Moire, na Màiri wamewaachia wanawake wa kawaida.

#18 Dada_wa_Edinburgh

Mwalimu, shikamoo. Sarufi yako siipingi, ila hukumu yako ni kali mno. Mhairi limekuwa jina kamili la maelfu ya wanawake wa Uskoti, wameolewa nalo, wamezikwa nalo, na hakuna anayemwambia Hamish arudi akajiite Seumas. Nina rafiki aitwaye Mhairi ambaye humjibu kila anayemsahihisha kwamba jina ni lake.

#19 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Rafiki yako ana haki kamili juu ya jina lake. Mimi ninazungumzia mtoto ambaye bado hajapewa. Ikumbukwe kwamba usajili wa serikali ulianza Uskoti mwaka 1855, na tangu hapo makarani waliyaandika majina ya Wagaeli kwa Kiingereza, Màiri akawa Mary na Oighrig akawa Effie. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ilianzisha shule za lazima bila kukipa Kigaeli nafasi. Vizazi vya watu vimeishi na jina moja kwenye karatasi na lingine jikoni. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu takriban 130,000 wenye ujuzi wowote wa lugha hiyo, ukijumlisha hata wale wanaoielewa tu bila kuizungumza. Lugha iliyobakiwa na watu hao inastahili kwamba mzazi anayeingia afisini leo, akiwa na uhuru ambao bibi zake hawakuwa nao, aandike jina kwa tahajia ya lugha yenyewe. Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nimefundisha watoto wengi waliokuja shuleni na majina ya kwao wakaondoka na ya kupewa.

#20 Njeri_wa_Thogoto

Mwalimu amenena. Sasa naomba mnisikilize kuhusu Beathag, jina ambalo mmelipita kama kituo cha basi kisicho na abiria. Linatokana na *beatha*, neno la Kigaeli lenye maana ya uhai. Mama wa mwenye uzi anaitwa Mwanaisha, na ndani yake mna Aisha, jina la Kiarabu lenye maana ya aliye hai. Mke alilichagua kabla ya uzi huu kuanzishwa, pengine bila kujua kwamba linamtaja mama mkwe wake. Haki ya mama wa baba inatimia, urithi wa Lewis unabaki, na hakuna aliyelazimishwa.

#21 Kaka_wa_Kampala

Dada Njeri, hoja yako ni nzito, lakini nimejaribu kusema Behak mara kadhaa na mwanangu ameniuliza kama nimekabwa na mwiba. Msichana ataishi na sauti hiyo kila siku, na maana ataielezwa mara moja tu.

#22 Msomi_wa_Lugha

Njeri yuko sahihi kuhusu mzizi. Jina hilo lina ukoo wa kifalme, kwani Bethóc, binti wa Mfalme Malcolm wa Pili, ndiye aliyemzaa Mfalme Duncan wa Kwanza, na jina Macbeth lina neno hilohilo la uhai ndani yake. Niongeze tahadhari moja tu. Kwenye karatasi za Kiingereza akina Beathag waliandikwa Rebecca au Sophia, kwa sababu makarani walitafuta kilichokaribiana kwa sauti au kwa mazoea, bila kujali maana. Kwa hiyo kumlinganisha Beathag na Aisha kwa maana ni tendo jema la familia hii, ila si desturi ya Wagaeli. Wao walilinganisha kwa sikio, na kwa sikio Mwanaisha na Beathag hawajuani.

#23 Flora_wa_Moshi

Basi kwa sikio naona Ishbel, ambalo ni Isabel la Kigaeli. Iondoe herufi ya mwisho, usikilize Ishbe na Aisha. Sh ipo, i ipo.

#24 Mzee_wa_Pangani

Flora, kwa kipimo hicho hata Shangani ni ndugu wa Aisha.

#25 Mwana_wa_Tanga

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mke wangu michango yenu jana usiku, nikimtafsiria, na amesikiliza hadi mwisho. Mhairi ameliachia Màiri, kwa hoja ya mwalimu. Catrìona ameliondoa mwenyewe kwa sababu ana binamu wengi wenye jina hilo. Eilidh bado analitaka na hajali kama ni jua au mwenge. Beathag limemnyamazisha. Hakujua maana ya Aisha, na alipoielewa aliomba nimpigie mama simu, nikampigia, wakazungumza kwa muda mimi nikiwa mkalimani. Mama amesema Màiri ni Mariamu na Mariamu ni jina la heshima, na kuhusu Beathag ameomba alisikie tena kesho. Kwa hiyo hatujaafikiana. Nina swali lingine: mama mkwe ameuliza kama mtoto atatumia *nic* kwenye jina la ukoo, nami sikuwa na jibu.

#26 Msomi_wa_Lugha

Swali zuri. *Mac* ni mwana wa kiume. Katika Kigaeli mwanamke wa ukoo wa MacDhòmhnaill, tunaowajua kama MacDonald, huitwa NicDhòmhnaill, na hiyo *nic* imefupishwa kutoka maneno yenye maana ya binti wa mwana wa. Nje ya koo, watu wa visiwani humtambulisha mtu kwa baba na babu zake, kama mshairi wa karne ya 17 aliyeitwa Màiri nighean Alasdair Ruaidh, yaani Màiri binti Alasdair Mwekundu. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndivyo Unguja walivyomtaja Siti binti Saad. Jina lako la ukoo si la Kigaeli, kwa hiyo *nic* haina pa kushika kwenye cheti, lakini hakuna kinachowazuia wazee wa Lewis kumwita Màiri nighean na jina lako mbele yake, wala wa Tanga kumwita Màiri binti na jina lilelile.

#27 Mzanzibari_wa_Maskati

Mkuu, usisahau kwamba mama yako atataka akika siku ya saba na jina litajwe siku hiyo. Karani wa Glasgow amekupa siku 21, Tanga hawatakupa hata nusu yake. Nami bado nasimama na Isla.

#28 Dada_wa_Edinburgh

Jambo moja la vitendo kabla hamjaandika chochote. Mkichagua Màiri, mwambieni karani kwa uwazi kwamba mkwaju ni sehemu ya jina, na mwisome fomu kabla ya kutia saini. Kwenye pasipoti, mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine huandika jina kwa herufi A hadi Z pekee bila alama, kwa hiyo hapo atakuwa MAIRI. Msishtuke na wala msiende kubadilisha cheti kwa ajili hiyo.

#29 Njeri_wa_Thogoto

Màiri Beathag, basi, yote mawili kwenye cheti kimoja, na Eilidh asubiri binti wa pili. Huyo kwa Wakikuyu ni zamu ya mama wa mama, kwa hiyo mtakuja tena hapa tuanze na Murdina.

#30 Kaka_wa_Kampala

Na kama wa pili naye ni msichana, Senga bado halijachukuliwa na mtu. Msomi, hebu nieleze: hiyo *seang* hutamkwaje?